Siku ya Afrika, Mazimbu

Jana, Mei 25, babu aliniomba nimpeleke Mazimbu, Morogoro. Nilidhani anataka kutembea tu. Kumbe alitaka kufika kwenye makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliofia ugenini kabla ya nchi yao kuwa huru.

Alivua kofia, akawa anapita kaburi moja baada ya jingine akisoma majina kwa sauti ya chini. Baadhi walikufa wakiwa wadogo kuliko mimi. Nilishindwa kuzuia machozi.

Tukiwa tumeketi kivulini akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa walikuwa majirani zetu." Shuleni nilikariri kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulizaliwa Addis Ababa siku kama hiyo mwaka 1963, nchi 32 zikatia saini, na kwamba Kamati yake ya Ukombozi ilikuwa na makao Dar es Salaam. Nilijibu mtihani, basi. Sikuwahi kufikiria kwamba umoja huo ulikuwa na maana ya kumpa mgeni ardhi ajenge shule, alee watoto, na mwisho azikwe hapo hapo.

Mwakani nitakwenda na wanangu. Babu ameshasema naye yumo, Mungu akipenda.