Naipulizia Subaru kama shamba la pamba

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, kila safari yangu ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema ilikuwa na kipande cha aibu. Unafika Kigongo, unazima gari kwenye foleni ya kivuko, jua la saa nane linakaa juu ya boneti. Unavuka. Ukishuka Busisi ukakanyaga mafuta, gari linajivuta kama limebeba mawe ya Bismarck. Hii ni Forester ya 2005, cc 2,000, yenye turbo, na mara mbili nimepitwa na Noah iliyojaa abiria na mbuzi kwenye buti. Baada ya kilomita kadhaa ndipo linakumbuka kuwa lina turbo.

Fundi wangu wa Nyakato hakufungua hata nati moja. Aliweka kiganja juu ya intakula, akakiondoa haraka. "Mwanangu, hii imepikwa tu. Ikipata upepo inapona."

Turbo inakandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa inapata moto. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua kule chini ya pampu kunavyounguza. Ndiyo maana kati ya turbo na injini kuna intakula, rejeta ya hewa, na kwenye hizi Forester imelazwa juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti. Ukiwa mwendoni, pua inaingiza upepo na kila kitu ni shwari. Ukisimama upepo unakoma, joto la injini lote linapanda, na kilichotakiwa kupoza hewa kinageuka kikaango. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo. Tena kontroboksi, ile kompyuta ya injini, ikihisi injini inataka kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe, inachelewesha cheche, na nguvu inaondoka. Sisi wa Mwanza tumeshakatwa tangu mwanzo: uso wa ziwa wenyewe uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi hata kabla jua halijachomoza.

Dawa inajulikana zamani. Subaru wenyewe waliweka kipulizio cha maji kwenye baadhi ya Impreza WRX STI, unabonyeza kitufe na intakula inanyeshewa. Mitsubishi nao walifanya hivyo kwenye Lancer Evolution. Sikubuni chochote. Nilikataa tu bei ya kuagiza.

Anayejua mtungi ameshaelewa jambo lenyewe. Bibi alikuwa nao kule Magu, kwenye kona yenye kivuli, umetoka jasho nje na maji ndani yanauma meno. Jasho linapokauka linaondoka na joto. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunakula kilojuli 315 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunakula kama 2,260, yaani mara saba. Kwa hiyo ukimwaga ndoo juu ya intakula umepoteza maji, yatapita na kudondoka chini kabla hayajafanya kazi. Unataka umande. Matone madogo yakae kwenye mapezi, yale mabati membamba ya intakula, upepo uyakaushe.

Hapo nikakumbuka pamba. Nimekulia kwenye mashamba ya pamba, na bomba la mgongoni la kupulizia dawa nimelibeba hadi mabega yakachubuka. Nozeli ya koni, ile ya dawa ya wadudu, inatoa ukungu wa mviringo. Ile bapa ya dawa ya magugu inatoa kitu kama upanga, hiyo achana nayo. Nilinunua mbili mpya kwenye duka la pembejeo. La mzee lipo stoo mpaka leo, lakini limeshanywa dawa miaka na miaka, na sitaki mvuke wake upite kwenye tundu za AC.

Vingine vilikuwa rahisi. Pampu ya maji ya waipa, used, kutoka duka la spea. Mpira mwembamba wa milimita 6. Dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya alizeti, nililoliosha kwa maji ya moto na sabuni mara nne, kisha mara tatu bila sabuni. Kitufe ni cha kengele ya mlango, na mke wangu bado hajaacha kunicheka kwa hilo. Kitufe cha aina hiyo hakijazaliwa kubeba umeme wa pampu, kwa hiyo kinaamrisha rilei tu, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo: pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampia 10, 87 inakwenda kwenye pampu, 86 inapata umeme ukiwasha ufunguo, 85 inakwenda kwenye kitufe halafu bodi ya gari. Dumu nililiweka kwenye buti. Mbele kuna nafasi, lakini sikutaka maji yakae jikoni na injini.

Kosa la kwanza ni kwamba dumu liko chini kuliko nozeli. Kila ukiacha kubonyeza, maji yanarudi nyuma yote, na ukibonyeza tena unasubiri pampu iyasukume upya urefu mzima wa gari huku ikilia. Valvu ndogo isiyorudisha, ya matangi ya samaki wa mapambo, ikamaliza hilo. Unaiweka karibu na nozeli, mshale ukielekea kwenye nozeli.

Nilipoing'oa intakula ili nipime pa kufunga nozeli, nilikaa chini. Ilikuwa imejaa wadudu wa ziwa. Wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, ukikutana nao usiku barabara ya Musoma unawasha waipa kana kwamba ni mvua. Walikuwa wameingia kwa pua ya boneti, wakajipanga kwenye mapezi, wakakauka wakawa kama pumba. Karibu theluthi ya uso wa intakula ilikuwa imezibwa. Niliiloweka kwenye beseni, nikaipiga mswaki laini kufuata mapezi, nikapuliza upepo wa kompresa kutoka chini kwenda juu, mbali kidogo ili mapezi yasilale. Beseni lilibaki na uji mweusi wenye harufu ya samaki. Nikisema ukweli, gari lilibadilika siku ile, kabla sijapulizia hata tone moja. Kama wewe ni mtu wa mwambao wa ziwa na una gari la turbo, anza hapo, huenda usihitaji mengine.

Lakini mimi nilikuwa na nozeli mbili za pamba mkononi.

Nikazifunga kwa kebo tai, nikachomeka kile kifaa cha kusomea gari kwa simu, nikaenda kusaka foleni Buzuruga. Nikabonyeza. Simu inasoma nyuzi 41. Nikabonyeza tena, 41. Nikamaliza dumu zima, 41. Nilirudi nyumbani nimenuna. Usiku ndipo akili ikarudi: kwenye gari hili sensa ya joto la hewa inayosomwa na simu iko ndani ya kipima hewa, kule kwenye chujio, kabla ya turbo. Ningeweza kuizamisha intakula ziwani na namba ile isitikisike. Ni sawa na kumpima homa mgonjwa kwa kumshika mlinzi wa getini.

Kesho yake nilinunua kipimajoto cha friji, kile kidogo chenye waya na kioo, nikaibana ncha yake upande wa intakula ambako hewa inatokea kwenda kwenye injini, nikaifunika kwa kipande cha ndala isipate maji moja kwa moja. Foleni ileile, saa ileile. Kilisoma 69. Barabara ilipofunguka nikabonyeza sekunde tatu, nikaachia, nikabonyeza tatu tena. Ndani ya dakika moja na nusu kikawa 51. Siku iliyofuata nilipita njia hiyohiyo bila maji, na kufika 51 kulichukua karibu dakika sita. Tofauti yake ni hizo dakika nne na ushee. Ukishakuwa mwendoni, maji hayaongezi kitu cha kusimulia kijiweni.

Siku ya mvuke ilikuwa kosa langu. Nozeli moja ililegea ikageukia upande wa dereva, na turbo ya gari hili iko upande huohuo. Nikabonyeza nikiwa nimesimama Igoma, maji yakatua kwenye bati la moto linalofunika turbo, wingu jeupe likatoka kwenye pua ya boneti. Bodaboda akagonga kioo. "Kaka, gari inaungua!" Konda wa daladala akashuka na chupa ya maji ya kunywa, mwingine akaokota mchanga. Nikaanza kueleza habari za mtungi wa bibi. "Kaka, shuka kwanza," akasema konda, "utatueleza ukiwa nje." Chuma cha moto namna ile kukimwagia maji ya baridi ni kukitafutia ufa, kwa hiyo sasa nozeli zimeshikwa kwa bati na bolti, kebo tai nimezirudisha droo.

Maji natumia ya mvua kutoka kwenye simtanki, nikiyapitisha kwenye kitambaa. Ya ziwani yana tope na ukijani unaoziba tundu la nozeli. Ya sabuni ya kioo yanaacha utando kwenye mapezi. Na usibonyeze dumu likiwa tupu. Pampu ya kwanza iliungua hivyohivyo, Kisesa, nikisikiliza mpira redioni.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka bila kuzima gari, na aibu yangu ya Busisi imekwisha yenyewe, bila msaada wa dumu. Kitufe kinafanya kazi zaidi ndani ya jiji, jioni, kati ya Mabatini na Igoma.

Shangazi yangu ananunua dagaa soko la Mwaloni na kuwapeleka Sengerema. Mwezi wa kwanza wa mtambo huu, raba ya pampu ilivuja kwenye buti safari nzima, na gunia lake la dagaa wakavu likafika limelowa upande mmoja. Alilifungua, akanusa, akanitazama. "Baba, hawa niliwanunua wameshakauka." Nililipa gunia zima. Raba nilibadilisha siku hiyohiyo na haijavuja tena, lakini shangazi akija kupanda anazunguka kwanza nyuma, anafungua buti, anapapasa kapeti kwa kiganja, ndipo anamwambia kijana apakie mzigo.