Kigugumizi nimekitoa hadharani

Kama kuna maneno yanayonichoma maini ni haya: "Tulia kwanza, vuta pumzi, halafu sema." Nimeyasikia tangu chuoni kwa maalim, nikayasikia kazini, nikayasikia kwa watu wasiojua hata jina langu. Nani kasema sijatulia? Nimetulia, pumzi ninayo, na neno lenyewe nalijua. Ni K tu haitaki kutoka.

Na mimi ni mtu wa Kengeleni! Pale Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, penye kengele ya Freretown, kile kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Makanga akiuliza, "Kengeleni wapo?" nilikuwa nikiinua mkono, mambo yakaisha. Asipouliza, basi tena. Nilijaribu "nishushe hapo mbele," akaniuliza "mbele wapi?" na gari zima likanigeukia. Kwa hivyo nilikuwa nikipitilizwa hadi Bombolulu, ambako hakosi mtu wa kushuka, kisha narudi kwa miguu na jua la saa nane. Kahawa naipenda kuliko chai, lakini barazani nimekunywa chai miaka yote kwa sababu chai inatamkika.

Dawa nilizopewa hazihesabiki. Kombe nimekunywa, zile aya zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, la zafarani na marashi, na sijuti, lilinukia vizuri. Kozi ya kupumua ya kwenye simu ilinila elfu kadhaa. Nikajua kupumua vizuri mno, na nikakwama palepale. Lakini iliyotia fora ni ya ami yangu. Alisikia kwamba Demosthenes, msemaji wa Wagiriki wa kale, alijitibu kwa kuhutubia na vijiwe mdomoni. Mimi vijiwe niliviona vichafu. Ilikuwa Ramadhani, nyumba imejaa tende, nikaona kokwa zitafaa. Baada ya tarawehe nikateremka ufukweni Mama Ngina, kokwa shavu hili na shavu hili, nikaihutubia bahari. "Enyi watu wa Mombasa!" Mate yanamwagika, ulimi haujui uende wapi, wauza mihogo wameacha kukaanga wananitazama. Mara akatokea mzee mmoja wa mtaani, ambaye binti yake nilikuwa namtaka. "Asalaam aleikum, kijana." Salamu ya mzee haiachwi bila jibu. Nikajibu. Kokwa moja ikateremka kooni, zilizobaki zikaruka hadi kwenye kanzu yake. Akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema, "Punguza tende."

Kilichonifaa nilikipata kwa mtaalamu wa matamshi. Huyo hakuniambia nivute pumzi. Aliniambia kwamba kati ya watu wazima, kama mmoja katika kila mia anacho kigugumizi, wanaume zaidi ya wanawake. Kwamba mara nyingi kinakwenda na damu (babu yangu mzaa mama alikuwa nacho, na nyumbani hakuna aliyethubutu kukitaja). Na kwamba hakitokani na uoga wala upungufu wa akili, ni ubongo unavyopanga mwendo wa matamshi. Ukiimba au ukisoma pamoja na wenzako, mara nyingi hupotea. Laiti ningeyajua haya nilipokuwa mdogo, maana kwenye maulidi nilikuwa nikisoma kaswida bila kukwama, na wenzangu wakaniita mwongo, eti najifanya.

Kisha akanipa kazi nikadhani amerukwa na akili: nigugumize makusudi, mbele za watu. Anasema kinachokaza koo zaidi ni ile juhudi ya kuficha. Ukikitoa mwenyewe, hakuna tena cha kufichua.

Anza na watu usiowajua, usianze na mashemeji. Mimi nilikwenda soko la Kongowea alfajiri, malori yanashusha, nikachagua K zote: kitunguu, karoti, kabeji, kisamvu. "K-k-k-kitunguu bei gani?" Hamali mmoja mwenye mkokoteni akapaza sauti, "Sukumeni, gari limezima!" Genge zima likacheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Su-sukuma wewe, mwenye mkokoteni ni wewe." Sikuwahi kumjibu mtu namna ile. Mama wa vitunguu akasema, "Sema taratibu mwanangu, mimi siendi popote, na vitunguu haviendi." Kiroja ni kwamba nilipofika kwenye kabeji, K ilitoka laini kabisa bila kuombwa, ikabidi niulize tena ili nigugumize. Nilirudi na mboga za kulisha mtaa. Hiyo ni gharama pia, mjue.

Kuna jambo jingine nililijua mwenyewe. Dua ya Nabii Musa, ya kufunguliwa fundo la ulimi, nimesomeshwa tangu utotoni kama dawa. Hakuna aliyenionyesha kwamba aliomba watu wafahamu maneno yake, tena akaomba nduguye Haruni awe msaidizi, akaenda kwa Firauni. Utume wake haukupungua kitu. Niliposoma aya zile nikiwa mtu mzima nilikaa kitako muda mrefu.

Yule binti nilimuoa, kanzu ilisamehewa. Lakini nikahi haina njia ya mkato: kwa desturi bwana harusi husema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Nikamwendea sheikh mapema, nikamwambia nina kigugumizi, asinimalizie. Akasema, "Hata ikifika alasiri nitakungoja." Siku yenyewe msikiti umejaa, mkono wangu umo mkononi mwake, nikaanza: "Nime-k-k-k..." Nyuma mtu akanong'ona "kubali!" Sheikh akainua mkono wake wa pili, kimya. Nikakaa nayo ile K, sikuikimbia, sikutazama chini. "...kubali." Mkwe wangu alipokuja kunipa mkono aliishika kanzu yake pembeni kidogo, kwa tahadhari.

Siku hizi dukani napokea simu mwenyewe. Wanaonimalizia maneno bado wapo. Juzi mteja alitaka saruji, nikamuuliza, "Mi-mi-mi..." akadakia, "Misumari? Eeh, nipe na kilo moja." Nilikuwa namuuliza mifuko mingapi. Nikampimia misumari yake kwanza.