Kuuwahi Mguu Kabla ya Joto

Nina fremu ndogo ya vitenge na kanga katika mtaa wa Makoroboi, jijini Mwanza, na kwa miaka 14 nimeifanya biashara hiyo nikiwa nimesimama, kwa sababu mteja wa kitenge hataki muuzaji aliyeketi. Anataka akunjuliwe, atandikiwe begani, kisha akunjuliwe kingine. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za mguu wangu wa kushoto zilianza kujitokeza baada ya ujauzito wa tatu, zikajisokota kama kamba ya nyavu iliyolowa, kutoka nyuma ya goti hadi karibu na kifundo. Mama yangu alikuwa nazo pia, kwa hiyo sikushtuka. Miezi ya Juni na Julai nilizivumilia bila shida. Kilichonishinda ni Septemba na Oktoba, kabla vuli haijashuka, ambapo ikifika saa nane mchana mguu ulikuwa mzito na wenye kuwaka, na usiku misuli ya shavu la mguu ilikaza hadi nikaamka nikilia.

Nilianza kwa makosa. Kila jioni niliuloweka mguu katika beseni la maji ya moto yenye chumvi, kama tulivyofanyiwa tangu utotoni kwa kila uchovu, na kila jioni ulizidi kujaa. Shangazi alinishauri nikaumikwe ili damu chafu itoke. Hapo nilikataa, maana ngozi iliyo juu ya vena hizo ni nyembamba na ikichanika hutoa damu nyingi. Baadaye nilinunua bandeji ya kuvutika nikajifunga mwenyewe, nikaikaza sana chini ya goti na kuilegeza kifundoni, na jioni yake unyayo ulikuwa umevimba kama andazi.

Hatimaye nilikwenda hospitali. Daktari alinipima kwa ultrasaundi, akaniminya shavu la mguu, nami nikaona kwenye kioo rangi moja ikipanda, na alipoachia, rangi nyingine ikashuka. Alinieleza kwamba ndani ya vena kuna vali zinazozuia damu inayopanda kwenda moyoni isirudi chini, na kwamba zangu hazifungi tena sawasawa. Joto linapoongezeka, vena zilizo chini ya ngozi hutanuka, midomo ya vali huachana zaidi, na damu hutuama miguuni. Alinipapasa mapigo ya mguuni kabla ya kuniandikia soksi za kubana, zenye mgandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, kwa kuwa mtu ambaye ateri zake hazifikishi damu ya kutosha miguuni anaweza kudhurika akizivaa. Nesi aliponipima alitikisa kichwa. “Mama, umekuja mchana, hapa napima uvimbe. Rudi kesho asubuhi nikupime mguu.”

Neno hilo la nesi ndilo lililobadilisha utaratibu wangu wote. Soksi ikivaliwa saa nne, mguu ukiwa umekwisha kujaa, inakuwa adhabu tu. Siku hizi naivaa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijakanyaga sakafu: naigeuza nje ndani hadi kisiginoni, naingiza unyayo, kisha naipandisha kidogo kidogo nikiwa nimevaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, ambazo hushika kitambaa bila kucha kukitoboa. Mafuta ya kupaka nayaacha hadi usiku, na soksi naifua kwa mkono na kuianika kivulini, maana jua la juu ya bati huua mpira wake.

Mchana joto la soksi yenyewe lilitaka kunirudisha nyuma, nikakiri kwamba wiki ya kwanza niliivua mara mbili nyuma ya marobota. Kilichonisaidia ni chupa ya kunyunyizia maji ambayo naitumia kupigia pasi: nainyunyizia soksi hapo hapo nikiwa nimeivaa, na maji yanapokauka mguu unapoa. Kati ya mteja na mteja ninapanda kwa vidole na kushuka, mara ishirini hivi, kwa kuwa shavu la mguu ndilo pampu inayoisukuma damu juu. Saa saba nalala juu ya robota dakika 15, miguu ukutani.

Jirani yangu anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, amenihimiza mara nyingi: “Dada, kasimame ziwani jioni, maji yafike magotini.” Kwamba maji baridi hutuliza ni kweli, lakini maji ya ufukweni yana kichocho, na sitaki kubadilishana maradhi. Namwaga maji ya bomba kwa kopo, toka gotini kwenda chini, inatosha.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Nyumba yetu iko Mabatini, juu ya miamba, na mawe yale hunywa jua mchana kutwa na kulitema hadi usiku wa manane. Tumeweka matofali chini ya matendegu ya miguuni. Mume wangu alilalamika siku mbili kwamba anateleza kuelekea kichwani, kisha akazoea.

Jambo moja silifanyii majaribio ya nyumbani: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na moto na maumivu, huenda damu imeganda ndani, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa futi kamba ya dukani napima kifundo asubuhi na jioni, na vipimo naviandika katika daftari la madeni, pembeni ya majina ya wadaiwa. Oktoba ya kwanza tofauti ilikuwa sentimita 3; Oktoba iliyofuata ilikuwa 1, isipokuwa siku za harusi nilizovaa viatu virefu bila soksi. Vena zenyewe bado zipo, na daktari amenieleza kwamba zinaweza kuzibwa kwa leza. Nimeomba iwe Juni, wakati wa baridi, na pia kwa sababu Desemba siwezi kufunga fremu.