Besi iliyokuwa ikinguruma yenyewe

Wiki tatu mfululizo gitaa langu la besi lilinguruma kila tulipopiga muziki Kabalagala, mtaa wa Kampala, hata nyuzi zikiwa zimetulia. Nilibadilisha kebo mbili, nikalaumu umeme wa ukumbi.

Fundi wa sauti, mzee wa Busia, akaniambia: "Kijana, shika nyuzi." Ngurumo ileile. "Sasa gusa chuma cha jeki, pale kebo inapochomekwa." Kimya! Kumbe ethi (ule muunganisho wa ardhi unaozima ngurumo) ilifika kwenye jeki, kwenye nyuzi haikufika.

Nyumbani nikafungua daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Chini yake waya mwembamba wa ethi ulikuwa umekatika, ncha imeota kutu ya kijani (jasho la mikono hilo, naamini). Nikaumenya, nikaukwangua mpaka shaba ikang'aa, nikaulaza ubanwe na daraja. Lehemu sikuihitaji.

Jumamosi, kati ya rumba mbili, besi ilikuwa kimya hata nikamsikia mpiga drami akivuta pumzi.