Siku moja maishani mwangu: kuzitafutia taka ardhi Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi

Nipo soko la Kongowea, malori ya mboga na matunda yameshashusha. Kinachobaki chini ni maganda, majani ya kabeji, nyanya zilizopondeka, maembe yaliyopasuka njiani. Karibu chote kinaoza, na chote kingeweza kuwa mbolea mashambani kama pangekuwa na mahali karibu pa kukichambua. Mimi ni mpangaji wa matumizi ya ardhi, na napenda kuanzia hapa kwa sababu soko linaonyesha wazi kabisa taka zinakotoka.

Namsalimia kijana wa mkokoteni, namuuliza mzigo wake anaupeleka wapi.

"Pale penye nafasi, kaka. Mimi gari langu ni hii mikono. Mkiniwekea mahali karibu nitapeleka. Mkiniambia kule mbali, nitachoka njiani."

Nayaandika maneno yake kama yalivyo. Tunanunua malori, tunaajiri wafagiaji, tunapiga faini, lakini takataka ni mzigo na mzigo lazima utue kwenye ardhi ya mtu fulani. Mji usipoitenga ardhi hiyo mapema, mtaro ndio unaopokea, au mikoko.

Saa tatu

Ofisini. Ramani ya kaunti iko kwenye kioo cha kompyuta. Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47 kwa eneo, takriban kilomita za mraba 220 za nchi kavu, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Kila kipande kinagombaniwa: bandari, makazi, hoteli, barabara, maghala. Taka huja mwisho kwenye foleni hiyo.

Tulishaona matokeo yake Kibarani. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale, ukingoni mwa maji ya Makupa, kando ya njia kuu ya kuingia kisiwani. Maji kupwa maji kujaa, bahari ilikuwa ikichukua sehemu yake. Kunguru walijaa, na uwanja wa ndege wa Moi hauko mbali, hatari kwa ndege zinazotua. Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa nyasi na miti, na mimi nafurahi kila nikipita. Ila mzigo ule haukupungua. Ulielekezwa Mwakirunge, huko Kisauni ndani, na kila lori linalotoka mjini sasa lina safari ndefu zaidi. Fikiria basi taka za Likoni: lori livuke feri na mzigo, au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Mafuta yanayochomeka njiani ndiyo pesa ambayo ingekusanya taka za mtaa mwingine.

Kwa hiyo mimi na mwenzangu hatutafuti jaa jingine kubwa. Tunatafuta vipande vidogo, robo ekari hivi, karibu na masoko na mitaa, vya kuchambulia taka ili kinachopanda lori kiwe kile tu kisichofaa tena. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka, na inataka kaunti ziwe na vituo vya kuokolea vitu vinavyoweza kutumika upya. Kituo nacho hakiwezi kuelea hewani.

Tunaanza kufuta kwenye ramani pasipofaa. Kisiwa na ukanda wa pwani vimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu, maji machafu yakimwagika juu hushuka hadi visimani, basi tunafuta palipo na visima vingi. Tunafuta kingo za mikoko ya Tudor. Tunafuta mabonde ambayo masika hugeuka mito. Kisha pepo: kusi inavuma miezi yake na kaskazi miezi yake, na harufu inafuata. Mpango unaoangalia upepo wa msimu mmoja utawaumiza watu msimu wa pili. Tukimaliza, sehemu zilizobaki ni chache mno.

Saa tano

Kisauni, kwa miguu, simu mkononi ikisoma majiranukta, yaani namba za mahali tulipo. Kiwanja cha kwanza, ambacho ramani ya zamani inakionyesha wazi kwa matumizi ya umma, kimezungushiwa mabati. Cha pili kina nyumba tatu.

Hapa ugumu wa Mombasa unaonekana kuliko kwingine. Mitaa mingi yetu ni ya nyumba bila ardhi: mtu ana nyumba, udongo ulio chini yake ni wa mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Shamba likigawanywa kwa utaratibu wa sheria, mwenyewe huachia umma sehemu kwa barabara na huduma. Mitaa hii haikupitia utaratibu huo. Ilijaa nyumba moja baada ya nyingine, vichochoro vikabaki vya upana wa mtu na ndoo. Lori haliingii. Mama anayetupa mfuko mtaroni usiku si mchafu. Hakuna mtu aliyewahi kumwachia hata hatua kumi za ardhi za kuweka pipa.

Kiwanja cha tatu kinafaa. Kina njia ya lori upande mmoja, na mkokoteni unafika kwa upande wa pili.

Saa nane

Wali wa nazi na samaki, kisha nasali.

Saa tisa na nusu

Baraza chini ya mwarobaini. Mzee wa mtaa anafungua kwa dua, kisha sauti zinapanda. "Mwatuletea jaa!" Naelewa hasira hiyo. Walioishi jirani na moshi wa taka wana haki ya kutoamini ahadi.

Bibi mmoja anainua mkono. Nampa shikamoo, anaitikia, kisha ananiuliza, "Mwanangu, kisima changu kiko pale. Wajukuu wanakunywa maji yake. Waniambiaje?"

Namweleza: sakafu itakuwa ya saruji, juu paa ili mvua isioshe taka, maji machafu yaingie kwenye tangi lililozibwa, na hakuna kitakacholala zaidi ya usiku mmoja.

"Na wasipofanya?"

Swali la haki, na mchoro peke yake haulijibu. Tunakubaliana masharti yaandikwe ndani ya mpango wenyewe: maji ya visima vya jirani yapimwe kabla ya ujenzi na yaendelee kupimwa, na wakazi waingie kwenye kamati yenye uwezo wa kusimamisha kazi. Vijana waokota taka wanaomba nafasi za kwanza za ajira. Hilo nalo linaandikwa.

Saa moja usiku

Nimekisogeza kituo hadi pembe ya mbali na kisima cha bibi, ingawa lango linakuwa jembamba kidogo na dereva wa lori atalalamika. Masharti yako kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango, yasomwe kabla ya mchoro. Kesho nampeleka mpima ardhi aweke vigingi kabla mtu mwingine hajaja na mabati.