Herufi C Iliyogoma Kutoka

Mwaka 2023 mimi na rafiki yangu, ambaye kila mtu mtaani anamwita Injinia, tulikuwa tunahamisha mfumo endeshi mdogo wa chanzo huria kutoka vichakataji vya Intel kwenda RISC-V, usanifu mwingine wa vichakataji. Usanifu huo ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na yeyote anaweza kuunda chipu yake bila kulipia leseni. Hilo ndilo lililotuvutia. Mshahara haukuwepo.

Kwenye QEMU, programu inayoigiza mashine nzima ndani ya laptopu, kerneli yetu, yaani moyo wa mfumo endeshi, ilikuwa inawaka bila shida. Ndipo binamu yake akarudi kutoka Guangzhou na bodi yenyewe ya RISC-V, VisionFive 2, akiwa ameiviringisha ndani ya shati. Nilipotoka kazini nikapitia barabara ya Luthuli, Nairobi, kununua kebo ya siriali, ya kusomea ujumbe wa bodi kwenye laptopu. Muuzaji akanipa ya volti 5. "Hapana boss, nataka ya 3.3, hii itaniunguzia bodi." Akaguna, akaanza kupekua katoni chini ya meza.

Usiku huo, kwangu Roysambu, tukapachika herufi ndani ya msimbo ili tujue kerneli inafia wapi: A mwanzoni, B kabla tu ya kuwasha mfumo wa kugawa kumbukumbu katika kurasa, C mara baada ya hapo. OpenSBI, programu inayowaka kabla ya kerneli, ikajitambulisha vizuri. A ikatoka. B ikatoka. C, wapi! Na chipu ilikuwa moto ukiigusa, kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachokimbia mle ndani.

Stima ikapotea. Injinia akabaki na mwongozo wa chipu kwenye laptopu yake, akisoma kwa sauti, jambo ambalo kwa kawaida huniudhi.

"Ndugu yangu, hebu sikia hii."

Kila ingizo la jedwali la kurasa, orodha inayoonyesha kila ukurasa uko wapi kwenye kumbukumbu, lina biti A (si ile herufi yetu), ya kuonyesha ukurasa umeguswa, na biti D, ya kuonyesha umeandikwa. Intel huziwasha yenyewe, na QEMU yetu ilifanya vivyo hivyo. Lakini kanuni za RISC-V zinaruhusu chipu isiziwashe, ipige hitilafu, kerneli ijitegemee. Viini vya kichakataji aina ya U74 vilivyo kwenye bodi yetu ni vya aina hiyo. Basi amri ya kwanza baada ya kurasa kuwashwa ilikuwa inagoma. Kichakataji kinakimbilia msimbo wa kushughulikia hitilafu, nao uko kwenye ukurasa ambao biti A yake ni sifuri, kinagoma tena, na tena. Ndiyo maana ya lile joto. Mpaka leo naona kiigizaji kipole kuliko chipu ni hasara tupu.

Stima iliporudi tukabadilisha 0x0F kuwa 0xCF kwenye maingizo ya jedwali, yaani biti A na D zikawa zimewashwa tangu mwanzo, tukaandika upya kadi ya kuwashia bodi, tukawasha. C! Nyuma yake mistari ya kerneli ikamiminika mpaka kwenye taima, saa ya ndani ya chipu, ikakwama.

"Taima ni kitu kidogo," Injinia akasema, akivuta kiti. Nikamwambia saa mbili asubuhi natakiwa ofisini.