Ndimu mbili mezani: siku moja ya fundi wa sono Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Julai ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, si mchezo: ukitoa mkono nje ya blanketi, unarudi wenyewe. Lakini dereva wa kamyonete anafika saa kumi na mbili, na yule haongei sana, anahesabu dakika kwa faranga. Chai, kipande cha mkate cha jana, tunaondoka.

Nikisema mimi ni fundi wa sono, yaani mitambo ya sauti, watu wananijibu: "Aa, DJ!" Hapana. DJ anakuja saa moja jioni na kompyuta mgongoni na miwani ya jua usiku. Mimi ndiye niliyebeba vyote anavyovikuta. Mabafle (spika kubwa) manane, manne kati yake ya besi, na kila la besi linataka watu wawili wasiogombana. Ampli tatu, miksa, sanduku la mikro (maikrofoni), na gunia la nyaya. Nyaya zinapakiwa mwisho ili zitoke kwanza. Mdogo wangu na mwenzake bado wananiuliza kila wiki, "Yaya, kwa nini gunia juu?" (Yaya kwetu ni kaka mkubwa.) Wakishavuta bafle kumi bila kujua waya uko wapi, wataelewa.

Hilo la kupakia nilijifunza kwenye simu, usiku, nikiangalia ziara za bendi za rock. Ndiyo, rock ngumu, gitaa za kukwaruza. Hapa kwetu Kenya (wilaya ya Lubumbashi, si ile nchi) hakuna atakayekuomba wimbo wa namna hiyo. Mkate wetu ni rumba, ndombolo na kwaya. Mimi pia simwangalii mwimbaji. Naangalia wale watu wa fulana nyeusi wanaosukuma masanduku yenye magurudumu. Mwaka 2008 Iron Maiden walizunguka dunia na Boeing 757 moja iliyobeba wanamuziki, mafundi na vyombo, rubani akiwa Bruce Dickinson, mwimbaji wao mwenyewe. Desemba 2013 Metallica wakapiga Antaktika, na wasikilizaji wote wakavaa hedifoni. Nililala nikicheka: onyesho lisilo na bafle la kubeba!

Ila bendi iliyonibadilishia kazi ni Van Halen. Kwenye mkataba wao wa ziara ya 1982 waliandika kwamba chumbani kwao kuwe na peremende za M&M's, ila za rangi ya kahawia zitolewe zote. Watu wakasema hao ni wasumbufu tu. Baadaye David Lee Roth, mwimbaji wao, akaeleza: mkataba ulikuwa mrefu, umejaa mambo ya umeme na uzito wa jukwaa. Akiingia akaona ya kahawia, anajua hawa hawakusoma, basi akague kila kitu upya. Tangu nisikie hilo, karatasi yangu ya ukurasa mmoja, katikati ya mstari wa jenereta na mstari wa malipo, ina sentensi hii: "Juu ya meza ya fundi kuwe na ndimu mbili."

Saa mbili asubuhi tukaingia kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) la harusi, Kampemba, wilaya nyingine ya mji. Meza ipo, kitambaa cheupe, hata maua ya plastiki. Ndimu hakuna.

Nikawaambia vijana wasishushe ampli kwanza.

Baba mdogo wa bwana harusi ndiye aliyesimamia sherehe. Koti la kijivu, simu mbili, na tabia ya kukuita "kijana" hata kama nywele zako zimeanza mvi. Nikamsalimu vizuri, nikamuuliza jenereta iko wapi.

"Jenereta ya nini? Umeme upo."

Upo kweli. Nikachomeka kipimo kwenye prizi ya ukutani: volti 220 zinazopaswa kuwa pale zilisoma 171, kisha 168. Nikamwonyesha. Akatazama kile kidude kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe wa jirani.

"Papa, mchana ni hivi. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko, itashuka tena. Karatasi inasema jenereta, tena ya sono peke yake."

"Karatasi nilisoma."

Sikumjibu. Tukashusha, tukapanga, tukavuta nyaya, tukazibandika kwa skochi (tepu) ili shangazi wenye viatu virefu wasianguke, tukala bukari (ugali) na samaki wa thomson kutoka kwa akina mama wa jikoni (Mungu awabariki, ndio pekee waliotuuliza kama tumekula), na kufikia saa tisa jenereta ikaletwa kwa toroli, ndogo, inakohoa, ila ipo.

Saa kumi akataka mabafle mawili yahamishwe getini, ili barabara nayo ijue kuna harusi. Nikamwambia sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaani hadi getini ni zaidi ya hatua arobaini. Mgeni aliye karibu na geti atasikia kila neno mara mbili. Kwenye viwanja vya mpira bendi kubwa nazo husimamisha mabafle ya mbali, lakini yanacheleweshwa kwa mashine ili sauti zifike pamoja. Miksa yangu haina hiyo. "Jaribu," akasema. Nikajaribu. Mchungaji akafungua kwa sala, na "Bwana" akawa "Bwana-bwana" hadi "Amina-mina". Mabafle yakarudi kwa miguu yetu sisi, si ya baba mdogo.

Jioni ikaingia, na kuanzia hapo saa sikuiangalia tena.

DJ akafika, miwani ile ile. Maharusi wakaingia wakicheza, hatua mbili mbele moja nyuma, vumbi likapanda. Baba mdogo akaja nyuma ya meza yangu: "Ongeza besi, kijana, batu habasikie!" Nikaongeza kidogo. Akarudi. "Ongeza!" Ampli tayari ilikuwa inawasha taa nyekundu, maana yake imefika mwisho, ukiisukuma zaidi haitoi nguvu, inatoa sauti iliyokatwakatwa inayopika koili, ule waya uliosokotwa ndani ya bafle. Nikamweleza hayo yote nikipiga kelele sikioni mwake. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akanyoosha kidole, akapandisha mwenyewe.

Dakika hiyo hiyo taa zote za lupango zikafifia. Nikatazama kipimo: 150. Nikafuata waya wa jenereta kwa mkono, gizani, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi, hadi nyuma ya nyumba. Kuna mtu alikuwa amechomeka friji mbili za bia. Injini ya friji ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na zile zilikuwa zinaanza, zinashindwa, zinaanza tena. Kabla sijazichomoa nikasikia mvumo, kisha besi moja ikanyamaza. Niliporudi, harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa imenitangulia.

Ukifungua bafle lililokufa unakuta koili nyeusi, ukiikwaruza kwa ukucha inang'aa nyekundu. Shaba. Labda ilichimbwa hapa hapa Katanga, ikaenda ng'ambo kusokotwa, ikarudi ndani ya sanduku, ije ife Kampemba kwa ajili ya bia baridi, tena mwezi wa Julai!

Tulikaa kimya dakika ishirini. Wageni walinitazama mimi. Sherehe ikiwa tamu anasifiwa DJ. Sauti ikikatika, macho yote kwa fundi.

Tulimaliza na besi tatu, na hakuna aliyegundua. Kukunja nyaya kwenye baridi ile, vidole havikunjiki, masikio yanapiga filimbi. Huwa natia vizibo vya pamba, tangu niliposoma kwamba mwaka 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, aliachishwa ziara na madaktari asije akapoteza usikivu kabisa, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia maonyesho. Johnson alirudi jukwaani. Mimi nikipoteza masikio, sijui nani atanimalizia harusi.

Malipo. Baba mdogo akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, mikunjo bado mikali. Akawasha tochi ya simu atafute mahali panapomruhusu kukata pesa za zile dakika ishirini. Akasoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kwenye jenereta kidole kikapita haraka. Kikasimama.

"Na hizi ndimu mbili ni za nini?"

"Za koo, papa. Baridi hii."

Akaonekana kuhuzunika kweli. Akakata dola kumi, kisha akamtuma mtoto jikoni. Mtoto akarudi na moja, imeshakamuliwa nusu.